Wanaovisingizia Vyuo vya Ufundi vya Kaunti

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, vigelegele hudumu siku mbili tatu, kisha huanza mazungumzo ya chini kwa chini kuhusu mtoto aliyekosa alama. Mjomba mmoja atapendekeza apelekwe chuo cha ufundi pale sokoni, na atalisema hilo kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Chuo anachokitaja ni kimoja kati ya vile vinavyoendeshwa na serikali zetu 47 za kaunti. Vilianza kama vyuo anuwai vya vijiji, vikaitwa vya vijana, na Sheria ya TVET ya mwaka 2013 ikaviita vituo vya mafunzo ya ufundi. Jina likibadilika, kibao cha langoni kinapakwa rangi upya, masimango hayabadiliki. Huyasikia matangani, redioni, hata kwenye vikao vya bajeti. Mengine yana chembe ya ukweli na yanahitaji kujibiwa kwa urefu. Mengine yanahitaji aya moja tu.

"Ni vyuo vya waliofeli." Hili ndilo kongwe kuliko yote. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa waliopata C+ na zaidi, alama inayomwezesha mtu kuomba shahada, walikuwa 246,391, karibu robo ya waliofanya mtihani. Anayewaita robo tatu waliosalia waliofeli anakiri kwamba nchi huwasomesha watoto miaka 12 kisha ikawakana walio wengi. Isitoshe, chuo cha kaunti hakikai kikingojea KCSE. Humpokea aliyeishia darasa la nane, aliyeacha njiani kwa kukosa karo, na baba wa watoto watatu aliyejengea watu nyumba kwa miaka bila hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba yeye ni mwashi. Hakidai alama ya kuingilia, na hilo lilikusudiwa tangu mwanzo. Wazo la vyuo hivi lilitokana na ripoti iliyotolewa na baraza la makanisa nchini mwaka 1966, ambayo iliuliza waziwazi: mtoto akishamaliza shule ya msingi na hakuna nafasi ya sekondari, aende wapi? Swali lilikuwa juu ya shule, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwaacha watoto barabarani. Ajabu ni kwamba miaka karibu 60 baadaye, lawama imehamia kwa mlango pekee uliokubali kuwafungulia.

Na anayeingia hapo hafungiwi. Mfumo wetu wa kitaifa wa sifa una ngazi 10, na fundi anayeanzia ngazi ya 3 au ya 4 anaweza kupanda hadi ya 6, ambayo ni stashahada. Kama njia hiyo ina visiki, na vipo, tuving'oe, tusimcheke anayeipita.

Dai la pili husemwa na watu makini zaidi, wakiwemo wakufunzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo. Wanasema: "Serikali kuu ilivilea vizuri, kaunti zikaviua. Virudishwe Nairobi."

Tuanze na malezi hayo. Vyuo vingi vya kwanza havikujengwa na Nairobi. Vilijengwa na makanisa na wazazi kwa harambee, kwenye ardhi iliyotolewa kijijini, na kamati za wenyeji ndizo zilizoamua kama pafundishwe useremala au uashi, kwa kuangalia kilichokuwa kikihitajika pale pale. Serikali iliingia baadaye na ruzuku, kisha ikavizungusha kutoka wizara hadi wizara. Kufikia mwaka 2013 vilikuwa chini ya wizara ya vijana na michezo, vikigombea macho ya waziri na timu ya taifa ya soka. Anayekumbuka enzi ya dhahabu aseme ilikuwa mwaka gani, kwa sababu karakana nyingi zilizokabidhiwa kaunti zilikuwa na mabati yanayovuja na mashine za tangu enzi za ruzuku ya kwanza.

Katiba ya 2010 haikuvigawa kwa bahati mbaya. Jedwali la Nne linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo anuwai vya vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na malezi ya watoto wachanga. Shule za msingi, sekondari, vyuo vikuu na taasisi kubwa za ufundi vikabaki kwa serikali ya kitaifa. Mantiki yake inaeleweka: fundi wa mashua anahitajika Lamu, si Nyahururu, na anayeweza kulijua hilo mapema ni aliye Lamu.

Sasa pesa. Kwa miaka kadhaa, Hazina ya Taifa ilituma kwa kaunti ruzuku yenye masharti ya kuvikarabati vyuo hivi, takriban shilingi bilioni 2 kwa mwaka nchi nzima. Pesa hizo zilikuwa na jina. Gavana hangeweza kuzipeleka kwenye barabara bila kuulizwa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa kaunti ulipopandishwa hadi shilingi bilioni 370, ruzuku hiyo pamoja na nyingine kadhaa zilichanganywa humo humo. Ni kama chumvi iliyokorogwa kwenye mchuzi: kila mtu anasema imo, hakuna awezaye kuionyesha. Katiba inaamuru kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini haisemi chuo kipate kiasi gani cha fungu la kaunti. Hilo liliachiwa magavana na wawakilishi wadi.

Hapo ndipo wanaoilaumu kaunti wana haki ya kuilaumu. Zipo kaunti ambazo zimejenga karakana na kuajiri wakufunzi. Zipo nyingine ambazo wakufunzi wake hukaa kwenye mikataba inayoisha kabla kozi haijaisha. Na kuna jambo linalonikera kuliko mikataba hiyo, nalo ni basari. Karibu kila gavana hupenda kupigwa picha akikabidhi hundi za karo za sekondari na chuo kikuu, elimu ambazo Katiba haikumpa, wakati chuo alichopewa na Katiba hakina hata mashine ya kuchomelea inayofanya kazi. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliwaandikia magavana kwamba hawawezi kutumia pesa kwenye majukumu ya serikali ya kitaifa bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Zogo lililofuata lilifika mahakamani. Katika kelele zote zile, sikumsikia gavana hata mmoja akisema: basi, nitazihamishia kwenye vyuo vyangu. Sababu haihitaji utafiti. Hundi ya basari hugawanyika kwa maelfu ya familia zenye kura, na mashine ya kuchomelea haipigi kura.

Lakini dawa ya gavana mzembe ni kumbana gavana. Kuvirudisha vyuo Nairobi ni kumwondolea mzigo aliyeutupa na kumpa mtu ambaye hata hutampata kwenye simu. Mwenye shaka atazame elimu nyingine iliyobaki kule, ile ya watu wazima, ambayo nitaifikia.

Kabla ya hapo, hili la tatu: "Kwa nini chuo, wakati fundi wa jua kali anafunza bure?"

Hafunzi bure. Ama mwanagenzi hulipa ada, au hulipa kwa kufanya kazi miezi mingi bila mshahara, akifagia na kutumwa chai kabla hajaruhusiwa kushika spana. Hilo si tusi kwa jua kali. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira za nchi hii ziko kwenye sekta isiyo rasmi, na hakuna chuo kinachoweza kumfundisha mtu kusoma uso wa mteja kama karakana ya kando ya barabara inavyofanya. Shida ni kwamba mwanagenzi hurithi anachokijua bwana wake, na makosa yake pia. Fundi aliyejifunza kukadiria nyaya kwa macho atamfundisha kijana kukadiria kwa macho, na nyumba itakayoungua si yao. Ndiyo maana anayefunga umeme kwenye majengo anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, na anayefunga sola vivyo hivyo, na leseni hizo huwezi kuzipata kwa kusema "nilifunzwa na mzee fulani". Mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza uko wazi hata kwa asiyewahi kukaa darasani, na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini umeanza. Mahali pa kuyafanyia hayo karibu na nyumbani, penye zana na mtahini, ni wapi? Ni chuo hicho hicho cha kaunti. Vyuo vilivyo na akili huwapeleka wanafunzi kwa mafundi wa mjini kwa mafunzo kazini na huwaalika mafundi hao kuja kufanyiwa mtihani. Anayesema jua kali badala ya chuo ametenganisha vitu viwili ambavyo mafundi wenyewe wanaviunganisha.

Kuhusu dai kwamba kozi zenyewe ni cherehani na ususi tu: mara nyingi ni kweli, na chanzo chake ni rahisi. Cherehani ni bei nafuu na haihitaji umeme wa nguvu. Chuo kisicho na bajeti hufundisha kinachoweza kununuliwa. Ila msemaji ajiulize pia nani aliyemshonea sare mwanawe, na kama alimlipa kwa wakati.

Tufike kwa watu wazima. "Ngumbaru ilikuwa ya wakati wa Moi, siku hizi kila mtu amesoma." Utafiti wa kitaifa wa kisomo uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta watu wazima milioni 7.8, asilimia 38.5, wasiojua kusoma na kuandika kwa kiwango cha chini kinachohitajika. Wengi wa waliohesabiwa mule bado wako hai, wanakopa kwenye chama na kutia kidole kwenye mikataba ya ardhi. Na wanaosema mtu mzima hafundishiki wamesahau kwamba Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Kama mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi, jirani zetu wapo. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa hesabu za serikali yake, wasiojua kusoma wakashuka kutoka kama asilimia 67 mwanzoni mwa muongo hadi chini ya 10 mwaka 1986. Baadaye kampeni ilipolegea idadi ilipanda tena, jambo linaloonyesha kuwa kazi hii haiishi kwa kampeni moja. Ndiyo maana wao walijenga pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuanzia mwaka 1975, kwa wazo la Kiswidi lililompendeza Nyerere, ambako mtu mzima aliyejua kusoma angeongezewa useremala, kilimo au ushonaji mahali pamoja.

Kenya tuligawa. Elimu ya watu wazima iko chini ya serikali ya kitaifa, ufundi uko chini ya kaunti. Mama anayejifunza kushona asubuhi kwenye chuo cha kaunti na kusoma jioni kwenye darasa la ngumbaru amehudumiwa na serikali mbili ambazo hazisalimiani, huku akihitaji kisomo kile ili aweze kuandika vipimo vya mteja kwenye daftari. Kuna Bodi ya Elimu ya Kaunti pia, na wengi hudhani ni ya gavana kwa sababu ya jina. Ni chombo cha serikali ya kitaifa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Haya ndiyo matunda ya kubaki Nairobi ambayo wanaotaka vyuo virudishwe wangepaswa kuyaonja kwanza. Walimu wa ngumbaru wanazeeka na darasa linakaa kwenye ukumbi wa kuazima kanisani.

Lakini kaunti isijifiche nyuma ya mgawanyo huo. Jedwali la Nne lile lile linataja vituo vya ufundi wa nyumbani, maneno ambayo tangu 2013 karibu hakuna gavana aliyeyatamka. Kituo cha namna hiyo kinaweza kupokea mama aliye na mtoto mgongoni, kumfundisha kushona, kupika kwa biashara na kuweka hesabu za duka, na kuweka pia chumba cha watoto, maana malezi ya wachanga yameandikwa kwenye mstari huo huo. Hakuna sheria mpya inayohitajika.

Limebaki dai la mwisho, linalotolewa na wazazi waliokata tamaa: "Bajeti imeshapangwa, sisi tutafanya nini?" Haijapangwa kabla ya kupita mikononi mwenu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia 30 Aprili, na wananchi washirikishwe. Kwenye vikao hivyo wazee huuliza barabara na vijana huuliza basari. Ulizeni fungu la chuo cha ufundi liko ukurasa wa ngapi, ni kiasi gani cha vifaa na kiasi gani cha mishahara, na mwaka jana kilichotengwa kilitumika chote au kilirudi hazina. Afisa wa fedha atafungua kitabu mbele yenu. Kama ukurasa huo haumo, mwakilishi wadi wenu yumo ukumbini, na ana kura ya kuuingiza kabla ya Juni kwisha.