Kolwezi: Michezo ya video inachimba kobalti, lakini haijui mzani

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa inachimbwa hapa Lualaba. Vijana wa Kolwezi wanajua kwamba madini hayo yamo ndani ya betri za simu wanazochezea. Lakini wengi hawajui kwamba shaba na kobalti vimeingia pia ndani ya michezo yenyewe. Ipo michezo midogo ya video, iliyotengenezwa na watu wachache bila kampuni kubwa nyuma yao, yenye sura ya michezo ya zamani, ambayo kazi yake kubwa ni kuchimba. Minne inafaa kupimwa kwa macho ya mji huu, maana watu wake wanalijua shimo kuliko walioitengeneza.

Wa kwanza ni Terraria, uliotoka Marekani mwaka 2011 na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 50. Mchezaji anaanza na sururu ya shaba mkononi. Kobalti inakuja baadaye sana, baada ya kushuka hadi chini kabisa na kulishinda dubwana moja kubwa, tena sururu ya kawaida haiivunji. Ni mchezo mpana na unafurahisha, mtu anaweza kuusahau usingizi. Lakini Kolwezi kobalti haikufichwa mbali hivyo. Inakaa pamoja na shaba, na huko Kasulo, tangu 2014, watu walichimba ndani ya parseli zao, wengine chini ya sakafu ya nyumba. Na jambo zito zaidi: katika Terraria mchezaji akifa anarudi baada ya sekunde chache, kazi inaendelea. Juni 2019, udongo ulipoporomoka katika machimbo ya KOV na kuua wachimbaji zaidi ya 40, hakurudi hata mmoja.

Wa pili ni SteamWorld Dig, uliotoka Uswidi mwaka 2013. Roboti aitwaye Rusty anarithi mgodi wa mjomba wake chini ya mji mdogo uliochoka. Anachimba, taa yake inafifia kadiri anavyokaa chini, anapanda kuuza mawe, anashuka tena. Hiyo taa imetengenezwa vizuri. Kila aliyewahi kushuka na tochi ya kichwani ataielewa hofu yake. Uzuri mwingine ni kwamba kadiri Rusty anavyouza, mji unaamka: wafanyabiashara wapya wanafika, vifaa bora vinapatikana. Hapo ndipo mkaaji wa Kolwezi atakapocheka kidogo. Kanuni ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini, ile redevansi, iende kwa komini, sekta na utemi ambako madini yanachimbwa. Katika mchezo, matunda ya jiwe yanaonekana mjini siku hiyohiyo. Katika maisha, mkaaji anahitaji kuuliza, na kuuliza tena, fedha hizo zimejenga nini katika mtaa wake.

Wa tatu ni Dome Keeper, uliotoka Ujerumani mwaka 2022. Huu ndio uliotengenezwa kwa akili zaidi. Mchezaji anaishi chini ya kuba la kioo kwenye sayari ya mbali. Anachimba chuma, maji na kobalti, kisha anakimbia juu kulilinda kuba lake kabla madubwana hayajalivunja. Kobalti ni adimu, na ndiyo inayoliponya kuba likipasuka. Mzigo una uzito wake: ukibeba mawe mengi unakwenda polepole, na huenda ukachelewa. Katika michezo yote minne, ni huu unaokumbuka kwamba jiwe ni zito mgongoni. Lakini tena, kila jiwe linalofika juu linahesabika lote kuwa la aliyelibeba.

Wa nne ni Phone Story, wa mwaka 2011, kazi ya Molleindustria, jina analotumia Mwitaliano Paolo Pedercini. Ni mfupi, sura yake ni ya kizamani kabisa, nao unasimulia safari ya simu: machimbo ya koltani Kongo, kiwanda cha China, wanunuzi wanaokimbilia duka, na takataka za vyombo vya umeme Pakistani. Kampuni ya Apple iliuondoa kwenye duka lake muda mfupi baada ya kutoka. Katika hatua ya kwanza mchezaji anawasimamia askari wenye bunduki wanaowatisha watoto ili wasiache kuchimba. Ni mchezo wenye ujasiri, maana unamwambia mwenye simu kwamba naye yumo. Hata hivyo Mkongo ndani yake hana jina wala sauti. Yupo ili mtu wa mbali aone aibu. Aibu hiyo ni ya haki, lakini haimpi mchimbaji hata neno moja la kusema.

Ukiiweka yote minne pamoja, kitu kimoja kinakosekana: mzani. Mchimbaji wa Kolwezi akishapandisha gunia na kulifikisha Musompo, kazi ngumu nyingine inaanza. Mnunuzi ndiye mwenye mzani, ndiye mwenye kimashine cha kupima kiasi cha kobalti ndani ya jiwe, ndiye anayetaja bei. Halafu bei yenyewe inaweza kubadilika kwa uamuzi wa mbali, kama Februari 2025 serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje, hadi mpango wa kota ulipoanza Oktoba. Hakuna dubwana la Terraria wala la Dome Keeper linalofanana na asubuhi ya namna hiyo deponi.

Mchezo wenye mzani utatengenezwa na anayeujua mzani. Si ndoto ya mbali. Dome Keeper ulianza kama jaribio dogo la mashindano ya siku chache mwaka 2021. Huko Yaoundé, Kameruni, vijana wa Kiro'o Games walitoa mchezo wao Aurion mwaka 2016, wenye mashujaa na hadithi za Kiafrika. Vipaji havikosekani Kolwezi. Kinachokosekana ni kompyuta, umeme usiokatika kila jioni, na mega za bei nafuu.

Basi komini za Dilala na Manika zina nafasi ya kuonyesha kazi ya ile asilimia 15: ukumbi mmoja kila komini, kompyuta chache, jenereta, na mwalimu wa programu. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na thamani ya malori yanayopita kila siku kuelekea Kasumbalesa. Kobalti imeshasafiri vya kutosha bila hadithi ya waliyoichimba. Watoto wao wakipewa chombo, wataisimulia wenyewe, na gunia litapimwa mbele ya macho ya dunia.