DHULMA KATIKA DISKI YA NYIMBO

Ndugu Waislamu, limeenea jambo ambalo wengi huliona dogo. Mtu hukaa nyumbani na kompyuta yake, akakusanya taarab za waimbaji wanawake katika sidii au flashi moja, akaipa jina "Taarab za Zamani", akaandika namba yake ya simu na kuiuza. Majina ya waimbaji hayamo.

Tukimkataza, huja na hoja mbili. Ya kwanza: "Nahifadhi turathi." Twamuuliza: Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake. Ni turathi gani inayohifadhiwa kwa kufuta jina la mwenyewe?

Ya pili: "Muziki ni haramu, basi hauna haki." Ajabu iliyoje! Anayeitakidi kuwa ni haramu na aache kuusikiliza. Vipi basi auuze na kula thamani yake?

Bi Kidude alifariki mwaka 2013, na Shakila Saidi mwaka 2016. Mauti hayafuti haki ya mtu, bali huipeleka kwa warithi wake. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu zinalindwa kisheria, wala haijuzu kuzivamia.

Basi mwenye kukusanya na aombe idhini, ataje majina, na awape wenyewe fungu lao. Dhulma ni dhulma, hata aliyedhulumiwa akiwa mwimbaji.

Wabillahi Tawfiq.