Tusiitoe Matumbo Redio ya Babu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii nimeiona kwa macho yangu nyumbani kwetu Bulla Iftin, ndiposa nimeshika kalamu niwape wenzangu na walimu maoni yangu.

Marehemu babu alituachia redio ya mbao, kubwa kiasi cha debe lililolazwa. Kaka yangu mkubwa anasema eti tuitoe matumbo yote, mbao tuzipige msasa na rangi, halafu tutie spika ya Bluetooth tuiuzie hoteli iwe pambo. Sisemi kaka ni mjinga. Karo ni karo, na redio bubu haimlishi mtu. Lakini mimi napinga, na sababu ninazo.

Kwanza, hatukuwa tumeijua redio yenyewe. Karatasi ya nyuma iliyokuwa na jina imeliwa na mchwa. Basi nikamwomba mwalimu wetu wa fizikia aje aitazame. Ndani tulikuta vali 4, yaani mirija ya kioo iliyofanya kazi kabla transista hazijaenea. Zimeandikwa DK96, DF96, DAF96 na DL96. Mwalimu akanieleza kuwa herufi D mwanzoni inaonyesha vali ya kuwashwa kwa volti 1.4 tu. Za redio za umeme wa nyumbani mara nyingi huanza kwa E au U. Kumbe yetu ni ya aina ya miaka ya 1950, iliyotengenezewa watu wasio na umeme! Ilitumia jiwe la volti 1.5 la kuwashia vali, na betri kubwa ya volti 90.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya nyanya, au ayeeyo kama tunavyomwita. Yeye hutuambia kuwa babu alifungua redio wakati wa habari tu, akaizima kabla ya nyimbo. Sisi tulicheka tukadhani mzee alikuwa mchoyo. Kumbe alikuwa akiihurumia betri! Ayeeyo anasema idhaa ya Kisomali ya BBC ilipoanza mwaka wa 1957, majirani walikuwa wakijaa uani. Na wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, babu aliificha chini ya mikeka ya kupakia ngamia. Usiku aliitega Radio Mogadishu sauti ikiwa chini kabisa, maanake aliogopa kushukiwa. Mambo haya mimi sijayasoma katika kitabu chochote cha historia. Kama tungeyatoa matumbo, ushahidi wake ungeishia jaani.

Pili, kuitengeneza kunawezekana. Betri 10 ndogo za volti 9 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa zile volti 90. Kapasita za karatasi zilizoharibika zibadilishwe, na zile kuukuu ziwekwe kwenye kopo, zisitupwe. Mbao zifutwe vumbi kwa kitambaa laini. Msasa, ng'o! Lakini tahadhari: asiyejua asiguse. Waya wa volti 90 ukigusana na ule wa 1.4, vali zote huungua mara moja, na mtu naye anaweza kupigwa na umeme.

Kaka anasema haitashika FM. Kweli, haitashika. Lakini ayeeyo haoni vizuri siku hizi, na hakuniomba FM. Aliniomba jambo moja tu: aisikie tena ikikwaruza kabla ya sauti kutokea.

Kaka amenipa muda hadi likizo ya Agosti. Nisipofaulu, atamwita fundi wake wa rangi. Nami nimeanza kuweka akiba ya kununulia betri, moja moja.

Wenzangu, huenda nanyi mnacho chombo cha zamani nyumbani. Kabla ya kukipaka rangi au kukiuza, kifungueni mkisome, kisha mwulizeni mzee wenu angali hai. Usiache mbachao kwa msala upitao.