Ukikata mathenge, usikimbilie kupanda

MKULIMA wa Marigat anayelipa vibarua wamkatie mathenge huwa na hesabu moja: mti ukianguka, shamba limerudi. Hesabu hiyo ina pengo, na pengo lenyewe ni yale majani yaliyobaki chini.

Mathenge, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ulivyogeuka kero si siri. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, wakilaumu maganda ya mti huo. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa gugu hatari.

Lisilozungumzwa sana ni jinsi unavyoua mimea mingine. Majani yake yana kemikali, mojawapo ikiwa juliprosopini, zinazozuia mbegu kuota na mizizi michanga kurefuka. Yakidondoka na kulowa, kemikali hizo huingia kwenye udongo wa juu, pale pale mbegu inapolala. Ongeza kivuli na mizizi inayonyonya maji, utaelewa kwa nini nyasi hutoweka chini ya mti huu.

Wapo watakaosema udongo wa chini ya mathenge una rutuba. Ni kweli, kwani ni mti wa jamii ya kunde na huongeza naitrojeni. Lakini rutuba hiyo itamfaa nini mtu ambaye mbegu zake hazikuota? Aliyenunua mbegu na kukodi trekta kwa mkopo atadaiwa hata kama shamba limetoa miche ya kuhesabika.

Kabla ya kufungua mfuko wa mbegu, jaribu hivi. Jaza kopo moja udongo wa chini ya mathenge na jingine udongo wa mbali na mti. Panda mbegu 20 za ndengu katika kila kopo, mwagilia sawasawa, uhesabu miche baada ya siku 10. Ukiona tofauti kubwa, zoa majani yote uyatoe shambani, wala usiyafanye matandazo. Kisha subiri mvua ioshe udongo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu biashara ya mkaa kuwa dawa ya mathenge. Mchoma mkaa huchukua shina lenye pesa na kukuachia kisiki kitakachochipua upya, pamoja na majani. Faida ni yake, gharama ni yako.

Kwa hiyo, kabla hajaingia na panga, patana naye kwa maandishi: visiki ving'olewe na majani yazolewe. Akikataa, punguza gharama hiyo kwenye mapatano yenu au tafuta mwingine. Nazo kaunti zinazogharimia kazi hii zilipe kwa ekari iliyo tayari kupandwa, si kwa idadi ya miti iliyoangushwa.