Acheni Kutuambia "Weka Linux Upya" kwa Sababu ya Paketi Moja ya -dev

Jamani, hii tabia ya kumwambia kijana "futa hiyo Linux, weka upya" kila akionyesha kosa kwenye terminali imenichosha. Leo naisema wazi, atakayenuna anune.

Huku Timbwani tunajua bei ya bando. Mtoto wa watu ana laptopu ya mtumba, RAM GB 4, ameweka Ubuntu kwa sababu Windows ilikuwa inamgandia. Ana projekti ya chuo ya Django na siku ya kuwasilisha iko mlangoni. Anaandika pip install psycopg2 ili programu yake iongee na PostgreSQL, anaambiwa pg_config haipatikani. Anauliza kwenye gurupu. Jibu la kwanza: "Ubuntu yako imekufa, pakua nyingine." Ubuntu 24.04 ya desktop inazidi GB 5! Bando ya nani hiyo? Na akishamaliza kuiweka upya, akarudia amri ileile, atakutana na kosa lilelile, manake hakuna kilichokufa. Kilichokosekana ni libpq-dev, ambayo hata ikija na wenzake ni MB chache tu.

Wacha nieleze, kwa sababu wengi wanaojibu hawajui ila wanaona haya kusema hawajui. Debian, na Ubuntu iliyotoka humo, huigawa maktaba ya programu vipande viwili. Kimoja ni cha kuendeshea, kama libpq5. Kingine kina mkia wa -dev na ni cha kujengea: ndani mna faili za .h zinazomwambia kompaila kila kazi inaitwaje na inataka kupewa nini, pamoja na kile kiungo cha .so ambacho linka hukitafuta. Abiria wa tuktuk hana haja ya kujua saizi ya bolti. Fundi anayo. Na mashine nyingi duniani ni za abiria tu, hazijengi kitu, kwa nini zibebeshwe sanduku la spana? Fedora nao hugawa, ila mkia wao ni -devel. Arch hawagawi. Kwa hivyo yule bingwa anayerekodi video akiwa kwenye Arch huenda hilo kosa hajaliona maishani mwake, halafu anakucheka wewe wa Ubuntu ati hujui kufuata maagizo.

Mfano mbaya kuliko wote ni huu: "fatal error: Python.h: No such file or directory." Kijana anaandika python3 --version, anajibiwa vizuri kabisa. Python ipo! Sasa mashine inadanganya? Haidanganyi. Imetaja faili iliyokosekana, haikutaja paketi inayoileta, ambayo ni python3-dev. Ukisoma "Python" peke yake utaondoa Python nzima uiweke tena, na kwenye Ubuntu ukiiondoa Python ya mfumo hata desktop inaweza kuondoka nayo. Hapo sasa ndio kweli utahitaji kuweka upya.

Kuna na wale wa njia za mkato: "tengeneza kiungo tu, libpq.so kielekee libpq.so.5." Linka itanyamaza, ndio. Lakini faili za .h bado hazipo, na mtu akibahatika akazichukua za toleo jingine, programu itajengeka kisha ianguke siku ya maonyesho. Huo si ufundi.

Najua mtaniambia vijana wajifunze kutafuta wenyewe. Sawa, na njia ipo: apt-file search Python.h inakutajia paketi yenye faili hiyo. (Ile apt-file update ya mwanzo inakula MB, ifanyie penye Wi-Fi.) Kosa likiwa "cannot find -lssl", ondoa -l, weka lib mbele na -dev nyuma: libssl-dev. Mara nyingi unapatia. Lakini mwanafunzi atajuaje kwamba kuna kitu cha kutafuta, ikiwa maagizo yako yamesema pip install na kumaliza? Kutafuta nako kunalipiwa. Kila ukurasa anaoufungua ni bando.

Na msiseme haiwezekani kuorodhesha. Kila paketi inayojengwa Debian ina faili iitwayo debian/control, na humo kuna sehemu ya Build-Depends inayotaja vinavyohitajika kuijenga, jina kwa jina. Watu wanaobeba maelfu kwa maelfu ya paketi wanaandika. Wewe mwenye video ya dakika 10 unashindwa na mstari mmoja? Unapata muda wa kuweka muziki na kusema "like na subscribe" mara tatu, yakhe.

Kwa hivyo nyote mliofundisha Django na PostgreSQL kwa Kiswahili, fungueni maelezo ya video zenu leo muongeze hii, juu kabisa kabla ya pip:

sudo apt install build-essential python3-dev libpq-dev

Na kwa wa Fedora: gcc, python3-devel, libpq-devel. Yule kijana wa laptopu ya mtumba bado yuko kwenye gurupu, anangoja jibu.