Sokwe Hana Kesi

Jamani, waandishi wenzangu wa huku Ukonga na kwingineko, hii hadithi tumeichoka. Mwizi wa simu anakamatwa pale Mombasa (ya kwetu, si ya Kenya), anavalishwa tairi, petroli inaletwa, kisha msimulizi anafunga daftari kwa kauli moja: binadamu ni mnyama tu. Basi. Eti falsafa!

Hiyo si falsafa, ni kukimbia kesi.

Najua mtanijibu kwa Gombe. Sawa, twende Gombe. Mwaka 1960 Jane Goodall aliwaona sokwe wa kule Kigoma wakichomeka vijiti kwenye kichuguu na kuvua mchwa, na yale majivuno yetu kwamba zana ni za mtu peke yake yakaishia hapo. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwawinda majirani zao wa Kahama, ambao zamani walikuwa kundi moja nao, mpaka Kahama ikafutika. Kwa hiyo ngumi tunazo wote. Hata uchungu: sokwe jike akifiwa na mwanawe huweza kubeba maiti siku kadhaa.

Sasa vuka mpaka, nenda pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kaburi la miaka kama 78,000. Mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na mkao wa kichwa unaonyesha kiliegemezwa kwenye kitu kama mto ambacho kimeshaoza. Wakampa jina la Mtoto. Mto, jamani, kwa maiti! Aliyeuweka alijua fika kwamba shingo ile haiumi tena. Akauweka hivyo hivyo.

Kiswahili kina kijisilabi kimoja kwa kazi hiyo: -ji-. Kuuliza, kujiuliza. Kuhukumu, kujihukumu. Sokwe kwenye kioo anajiona, hilo lilishapimwa tangu 1970. Lakini kujiuliza kama alichofanya jana kilikuwa haki, hakuna aliyelithibitisha. Ndiyo maana wale wa Kasakela hawana kesi, sisi tunayo.

Basi wewe mwenye hadithi ya tairi, usiishie kwenye moshi. Mfuate aliyewasha kiberiti mpaka kwake Gongo la Mboto, anawe mikono, mwanawe amuulize mbona baba unanuka petroli. Hapo sasa tuandikie anajibu nini.