Runinga ya taifa, au runinga ya Dar?

Wadau, vijiwe vingi vya Dar vinaamini kwamba Watanzania walianza kuona runinga mwaka 1994. Si kweli! Zanzibar walikuwa na TVZ tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati serikali huku Bara ikiona runinga ni anasa. Mwenye seti Dar alikuwa anaelekeza antena visiwani.

Mwaka 1994 zikaja ITV, DTV na CTN. Zote Dar. Ikafuata Televisheni ya Taifa, TvT, ambayo leo ni TBC. Makao yake? Dar pia. Mitambo ilipofika mikoani tukashangilia, tukasahau kuuliza: sawa, picha imefika, kamera je? Mtu wa Songea akajua foleni ya Ubungo kuliko bajeti ya halmashauri yake.

Kuna watakaosema ni biashara, matangazo yako Dar. Mbona Star TV ilizaliwa Mwanza na ikatazamwa nchi nzima? Na hata tukiwasamehe watu binafsi, chombo cha umma kinachoishi kwa kodi ya mkulima wa Kasulu kina kisingizio gani?

Mimi nipo kwenye fani hii, najua inavyokwenda. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara, wanalipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, nauli imeliwa. Sasa nani atapanda pikipiki kilomita 80 kufuata zahanati isiyo na dawa, wakati mkuu wa mkoa ana gari, posho na nafasi ya uhakika kwenye taarifa ya saa mbili? Ndiyo maana mikoa tunaiona kwenye ziara za viongozi na ajali za mabasi tu.

Halafu ikaja dijitali. Dar mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Tukaambiwa chaneli zitakuwa nyingi. Ni kweli, zimeongezeka. Lakini mwananchi alinunua king'amuzi kwa pesa yake ili aendelee kuwatazama walewale, wakizungumzia mambo yaleyale ya Dar.

Tusidanganyane kwa idadi ya chaneli. Halmashauri isiyo na kamera wala mwandishi aliyeshiba inakula fedha za wananchi kwa raha zake. TBC ianze: iwalipe mishahara waandishi wa mikoani, na kila kanda ipewe saa yake ya habari kila siku.

Naomba kuwasilisha.